Mota ya habu kwa baiskeli ya umeme ya njia mbovu: yenye gia, isiyo na gia, au ile nzito?

Ukiulizia mota ya kufunga kwenye gurudumu la nyuma, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni wati. Hii ya 500, hii ya 1000, ile ya 3000. Kwa lami tambarare namba hizo zinatosha. Ukishaacha lami ukaanza kupandisha Isamilo, hapa Mwanza, kwa njia za mawe, au ukaingia kwenye mchanga wa ufukweni Ukerewe, wati za kwenye stika hazikusaidii tena kuchagua. Swali linakuwa hili: pale baiskeli inapokwenda polepole kuliko pote kwenye njia yako, mota inatakiwa kusukuma kiasi gani, na kwa dakika ngapi?

Tunalinganisha aina tatu, zote za kukaa kwenye habu, yaani kitovu, cha gurudumu la nyuma. Mota ya katikati, ile inayofungwa kwenye pedeli na kutumia gia za baiskeli, hupanda vizuri sana lakini hula cheni na meno ya nyuma. Hiyo tunaiacha pembeni.

Aina zenyewe

*Yenye gia.* Ndani ya ganda kuna mota ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa, na gia tatu za nailoni hupunguza kasi hiyo, kwa kawaida karibu mara tano, kabla haijafika kwenye gurudumu. Kuna pia klachi ya upande mmoja, hivyo ukiachia eksileta gurudumu linateleza huru. Nyingi zinauzwa kwa wati 500 hadi 1000, uzito kilo 4 hadi 5.

*Isiyo na gia, ya wastani.* Sumaku zimebandikwa kwenye ganda lenyewe, na ganda likizunguka mara moja gurudumu nalo limezunguka mara moja. Wati 1000 hadi 1500, kilo 6 hadi 8, sumaku zenye upana wa milimita 27 hadi 35.

*Isiyo na gia, nzito.* Muundo ni uleule, ila sumaku zina upana wa milimita 45 au 50, shaba (nyaya za koili) ni nyingi zaidi, na uzito ni kilo 9 hadi 15. Huuzwa kwa wati 3000 na kuendelea.

Ukizungumza na muuzaji, uliza upana wa sumaku kabla ya wati. Wati huandikwa apendavyo mwenye kiwanda, upana wa sumaku unapimika. Mota iliyoandikwa 205 50H, kwa mfano, ina kipenyo cha ndani cha takriban milimita 205 na sumaku za milimita 50.

Vigezo

Tutazipima zote tatu kwa mambo haya: kupanda na joto, mchanga na tope, uzito na fremu, maji na vumbi, na ukarabati. Hayana uzito sawa. Joto ndilo linaloua mota nyingi za njia mbovu, kwa hiyo tuanze nalo kwa hesabu.

Mwendeshaji kilo 75, baiskeli na betri kilo 30, mzigo kilo 15: jumla kilo 120. Mwinuko wa asilimia 15, yaani kila mita 100 unapanda mita 15, juu ya changarawe legevu. Ili usogee tu bila kuongeza kasi, gurudumu linahitaji kusukuma kwa takriban newtoni 210. Kwa tairi ya inchi 26 hiyo ni nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm (newtoni-mita) 70. Tairi ya inchi 24 inadai karibu Nm 65, na ya inchi 20 karibu Nm 55. Ukipiga pedeli kwa wati 150, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, unaipunguzia mota kama Nm 12. Pedeli si pambo.

Mchanga mlegevu haucheki na mtu. Kwenye tambarare kabisa, mchanga unaozamisha tairi unaweza kudai nguvu karibu sawa na mwinuko huo, na tofauti yake ni kwamba mwinuko una kilele.

Sasa joto. Joto la kwenye shaba hupanda kwa mraba wa ampea: ukidai nguvu ya kuzungusha mara mbili, joto linakuwa mara nne. Na halijali kasi yako. Ukipandisha kilima kwa kilomita 8 kwa saa badala ya 15, mota inashikilia zile Nm 70 zilezile, inatoa joto lilelile kila sekunde, lakini kwa karibu mara mbili ya muda. Kwa hiyo anayepanda taratibu ili aionee mota huruma ndiye anayeiunguza. Kilima kifupi kipande kwa kasi inayokuruhusu, ukiipata tangu chini. Kilima kinachokushusha mpaka mwendo wa mguu, shuka usukume.

Yenye gia

*Kupanda na joto.* Kwa baiskeli ya kilo 120 hii ndiyo inayopanda vizuri kuliko zote kwa kila kilo ya mota. Kwa kuwa mota ya ndani inazunguka haraka, inafikia Nm 60 au 70 kwa ampea chache. Udhaifu wake ni njia ya joto: shaba imo ndani, imezungukwa na hewa na gia, na joto halina pa kutokea upesi. Dakika tatu za mwinuko mkali inavumilia. Dakika kumi na tano bila kupumzika ni habari nyingine. Nailoni ikipata joto inalainika, na meno yaliyolainika ndiyo yanayokatika. Weka kikomo cha nyuzi 90 hadi 100.

*Mchanga na tope.* Wepesi wake unasaidia kwenye mchanga, na eksileta ikiachiwa gurudumu halikwami. Hatari iko kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata. Ukijaa kati ya tairi na fremu, gurudumu linasimama huku eksileta iko wazi, na mshtuko wote unaangukia meno ya nailoni na kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia klachi. Gurudumu lisipozunguka ndani ya sekunde mbili, achia.

*Uzito na fremu.* Inakaa kwenye fremu nyingi zenye nafasi ya milimita 135 kati ya masikio ya nyuma (pale ekseli inapokaa). Kilo zake hazikuharibii urukaji wa mawe. Betri ya V 48 na kontrola (kisanduku kinachoigawia mota umeme) ya A 20 hadi 25 zinatosha.

*Maji na vumbi.* Maji yakiingia, grisi inageuka kama maziwa, klachi inashika kutu na beringi zinafuata.

*Ukarabati.* Hii inafunguka. Toa friwili, fungua skrubu za kifuniko, vuta mota, na gia tatu ziko mbele yako. Kabla ya kuagiza nyingine hesabu meno, pima kipenyo cha nje na tundu la katikati kwa kalipa. Gia zinazofanana kwa macho hazilingani kila mara. Tumia grisi inayokubaliana na plastiki, vijiko viwili vya chai kwa zote tatu. Ukiijaza mno inamwagika mpaka kwenye koili. Dalili ni rahisi kuzisoma: mota inalia lakini gurudumu haliendi, shida ni klachi au kile kipande chake, inakwaruza na kuruka chini ya mzigo, meno yameanza kuisha.

*Inamfaa* mwenye baiskeli nyepesi, anayepiga pedeli, anayepanda vilima vifupi vikali na kushuka. Haimfai anayebeba kilo 60 za dagaa juu ya changarawe kila siku.

Isiyo na gia, ya wastani

*Kupanda na joto.* Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu stika inasema 1500 na bei inavutia. Kwenye kasi ya kilomita 30 kwa saa mota hii ni tulivu na inatumia umeme vizuri. Kwenye mwinuko wa asilimia 15 hali inageuka: ikidaiwa Nm 70, inaweza kupoteza kwenye shaba karibu wati zilezile inazofikisha kwenye gurudumu. Nusu ya betri yako inakuwa jiko. Nafuu yake ni kwamba ina chuma kingi cha kumeza joto, kwa hiyo dakika za kwanza haionyeshi kitu, halafu inachukua muda mrefu kupoa. Kuna mafuta ya sumaku yanayoingizwa kidogo tu, mililita chache, kwenye nafasi kati ya koili na sumaku. Hayo yanavusha joto kutoka ndani kwenda kwenye ganda, na kwa mota ya ukubwa huu tofauti inaonekana wazi.

*Mchanga na tope.* Haina meno ya kukatika, hivyo mishtuko inaivumilia. Ila ikisimama palepale na eksileta wazi, ampea zote zinapita kwenye koili chache na kuzichoma hizo. Ukizima umeme na kupiga pedeli peke yake, utahisi sumaku zikikuvuta nyuma.

*Uzito na fremu.* Kilo 7 kwenye gurudumu la nyuma zinaanza kusikika kwenye mawe: tyubu zinabanwa kwenye rimu na kutoboka, spoku zinalegea. Tumia rimu ya kuta mbili na spoku za geji 13 au 14. Spoku nene ya geji 12 kwenye rimu ya kawaida ya baiskeli hukaa kwa pembe mbaya kwenye nipo (nati ya spoku kwenye rimu) na kukatika hapohapo.

*Maji na vumbi.* Ndani hamna grisi ya kuharibika, lakini chuma cha koili kinashika kutu na sensa za sumaku, zinazoiambia kontrola mota imefika wapi kwenye mzunguko, zinakufa.

*Ukarabati.* Kuifungua kunahitaji kifaa cha kuvutia ganda (pula), maana sumaku zinaishikilia kwa nguvu ya kukata vidole. Kinachokufa mara nyingi ni sensa, vipande vitatu vidogo, mara nyingi vyenye alama 41F, ambavyo fundi wa redio mwenye mkono mwepesi anaweza kuvibadili. Dalili yake ni baiskeli kutetemeka wakati wa kuondoka badala ya kwenda.

Mota hizi zina faida moja ambayo yenye gia haina: breki inayorudisha umeme. Kwa njia mbovu umeme unaorudi ni asilimia chache tu, faida kubwa ni kuokoa pedi za breki. Lakini anayeishi juu kilimani awe macho. Ukichaji usiku kucha mpaka betri ikajaa kabisa, asubuhi ukateremka ukitumia breki ya mota, umeme unaorudi hauna pa kwenda. BMS (saketi inayoilinda betri) inakata, na breki uliyoitegemea inapotea katikati ya mteremko. Ishie asilimia 90 kuchaji, au zima breki hiyo mpaka ufike chini.

*Inamfaa* mtu wa changarawe ndefu yenye miinuko ya wastani, tuseme barabara za vumbi upande wa Kisesa na Magu, mwendo wa kilomita 25 hadi 35 kwa saa, anayetaka kitu kisicho na gia za kubadilisha.

Isiyo na gia, nzito

*Kupanda na joto.* Shaba nyingi, nafasi kubwa ya joto. Zile Nm 70 zinazoichosha ya wastani, hii inazibeba bila haraka, na nyingi zinafika Nm 120 au zaidi kwa muda mfupi. Hata hivyo kanuni ya mwendo wa mguu haijafutwa, imesogezwa mbele tu.

*Mchanga na tope.* Nguvu ipo, lakini uzito wa nyuma unazamisha tairi na eksileta ya ghafla inachimba shimo. Inahitaji kontrola inayopangika, uanze taratibu.

*Uzito na fremu.* Hapa ndipo gharama halisi ilipo. Inataka V 72, betri inayotoa A 60 hadi 80, kebo nene, na fremu ya chuma iliyoundwa kwa ajili yake. Ukiifunga kwenye fremu ya alumini ya baiskeli ya mitumba, masikio yanaweza kupasuka bila onyo. Shokapu ya nyuma nayo inashindwa kuidhibiti: gurudumu zito likigonga jiwe linachelewa kurudi chini. Upande mzuri ni kwamba inakubali rimu ya pikipiki ya inchi 17, na tairi na tyubu za bodaboda zinapatikana kila kona ya jiji. Rimu hiyo pia ni ndogo kuliko inchi 26, kwa hiyo mota inapata nafuu ya kusukuma. Pima matundu ya spoku kwenye ganda kabla ya kununua spoku za pikipiki. Mengine ni madogo.

*Maji na vumbi.* Sawa na ya wastani, isipokuwa kebo ni nene na tundu lake kwenye ekseli ni kubwa, hivyo maji yana mlango mpana.

*Ukarabati.* Mota yenyewe haisumbui. Kinachoungua ni kontrola na viungio vya kebo. Gurudumu likiwa zito kulizungusha kwa mkono, chomoa zile kebo tatu nene kwenye kontrola ulizungushe tena. Likiwa jepesi, kontrola imekufa. Likibaki zito, koili zimegusana ndani.

*Inamfaa* mwenye mzigo mzito na njia pana, aliye tayari kulipia betri kuliko mota. Kwa vichochoro vya mawe vya Mabatini ni mzigo usio na kazi.

Mambo yanayozihusu zote

Kuna maneno kwamba mota "ya mwendo mdogo" ina nguvu zaidi kuliko "ya mwendo mkubwa" ya muundo uleule. Kama shaba ni ileile, nguvu kwa kila kiasi cha joto ni ileile; ya mwendo mdogo inaipata kwa ampea chache na volti nyingi zaidi. Hilo lina maana kwako ukiwa na kontrola ndogo. Kwa njia za kupanda, chagua ile ambayo kwa volti za betri yako, gurudumu likiwa hewani, linafika kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Inayofika 60 itakula ampea kilimani na haitakupa kasi hiyo kwenye mawe hata hivyo.

Ekseli nyingi ni M12 au M14 zilizochongwa pande mbili kubaki milimita 10. Ikizunguka ndani ya masikio inakata nyaya zote. Weka mkono wa chuma wa kuizuia, unene milimita 4 hadi 6, usiocheza hata kidogo. Kwa aina ya tatu, na kwa yeyote anayetumia breki ya mota, weka miwili, kwa sababu breki hiyo inaigeuza ekseli kinyume na kulegeza nati. Fremu yenye ekseli ya kupenya ya milimita 142 haipokei mota nyingi za kawaida. Fremu ya chuma ya Phoenix mara nyingi ni nyembamba kuliko milimita 135. Chuma kinaweza kutanuliwa na fundi anayejua kazi yake. Alumini usiitanue.

Sensa ya joto: angalia kama kwenye plagi kuna waya mmoja wa ziada, mara nyingi mweupe. Pima kwa multimita kati yake na waya mweusi mwembamba wakati mota imepoa. Ukipata takriban omu 10,000, ni sensa ya joto, iunganishe na kontrola. Usipopata, fungua mota ubandike ya omu 10,000 katikati ya koili kwa gundi ya epoksi. Kwa mota zisizo na gia, anza kupunguza nguvu nyuzi 110.

Na maji. Mota iliyotoka kupanda ina hewa ya moto ndani. Ukiitumbukiza kwenye kijito, au ukaenda kuiosha ziwani hapohapo, hewa inasinyaa na kuyavuta maji kupitia sili na tundu la kebo. Iache ipoe kwanza. Kebo ishuke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye ekseli ili maji yadondoke, paka silikoni pale inapoingilia na grisi kwenye midomo ya sili. Wale wanaotoboa vifuniko ili mota ipate upepo waache mtindo huo kwa baiskeli za lami. Kwa vumbi la kiangazi na masika ya huku, matundu hayo ni mlango wa mchanga.

Kwa hali yako

Unapanda Isamilo au Bugando kila siku, baiskeli nyepesi, mzigo ni begi tu: yenye gia, V 48, tairi ya inchi 26 au 24, na sensa ya joto.

Unapita kwenye mawe kwa kujifurahisha, unaruka na kushuka: yenye gia pia, kwa ajili ya uzito. Beba spana ya ekseli na tyubu mbili.

Unasafiri changarawe ndefu, vilima vya wastani, hutaki kufungua mota: isiyo na gia ya wastani, ile yenye sumaku za milimita 35 kuliko 27, na mafuta ya sumaku ndani.

Mchanga wa ufukweni kilomita kadhaa kwa mfululizo: tairi pana yenye upepo mdogo kwanza, ndipo mota. Kwa mtu mmoja, yenye gia na mapumziko. Kwa mtu na mzigo, nzito.

Unabeba samaki au magunia, jumla inapita kilo 180: nzito kwenye fremu ya chuma na rimu ya pikipiki. Kama fedha ya betri ya V 72 haijapatikana, usiinunue mota kwanza ukaifunga kwenye V 48 ya A 20 kwa muda. Umeme unaofika kilimani utakuwa uleule wa mota ndogo, na kilo kumi za ziada utazisukuma mwenyewe.

Udongo wa mbuga wakati wa masika: hakuna mota ya habu inayoufaa. Ondoa matope ya tairi kila yanapojaa, ongeza nafasi kati ya tairi na fremu, na ukiweza zunguka kwa njia ya luseni (udongo wa kichanga), hata kama ni ndefu.